Masizi Niliyoyafuta

Siku ya tatu kazini nilitumwa juu ya dari kuondoa viota vya ndege, majani makavu na vumbi. Nilikuwa na ndoo, taa ya kuvaa kichwani na brashi mbili, moja laini na moja ya waya. Nyumba yenyewe ni ya shamba, iko Kent, kusini mashariki mwa Uingereza, katika nchi ya udongo mzito na misitu wanayoiita Weald. Wakati ule nilijua juu yake jambo moja tu, kwamba ni kuukuu.

Nikafagia mpaka sakafu ya dari ikawa safi. Nilipoinua macho nikaona mapau yote ni meusi tititi, yanang'aa kama tako la sufuria ya kupikia kuni. Kwetu Pangani seremala akimkabidhi mtu paa lenye masizi, haitwi tena. Nikashika brashi ya waya nikaanza kusugua. Masizi yalitoka kwa shida, lakini yalitoka, na chini yake mti ukatokea wa rangi ya asali. Nikafurahi. Nilipofika pau la nne nikasikia ngazi inalia, na kichwa cha mzee kikachomoza kwenye tundu la dari.

Huyo mzee ndiye aliyekuwa fundi mkuu wetu. Amefanya kazi ya mbao za kale tangu ujana wake, na sijawahi kumsikia akipaza sauti. Siku ile pia hakupaza. Alipanda, akakaa juu ya boriti, akayatazama mapau yangu manne meupe, kisha akayatazama mengine meusi. Alikaa kimya muda mrefu hata nikaanza kuomba radhi bila kujua kosa langu.

"Unajua huo moshi ulifikaje huku juu?" akauliza.

Nikamwambia labda bomba la moshi lilikuwa na ufa.

"Hapakuwa na bomba la moshi," akasema. "Wala hapakuwa na dari. Hapa tulipokaa palikuwa hewa tupu."

Nimefanya useremala tangu nina miaka kumi na minne. Mjomba wangu alinifundisha milango, vitanda na kenchi, na nilipomfuata mke wangu Uingereza, ambako yeye ni muuguzi, nilikuja na patasi zangu na imani kwamba mti ni mti. Siku ile juu ya dari ndipo nilipoanza kujifunza upya. Nayasimulia haya kwa sababu naona wenzangu wengi, huku na nyumbani, wanashika kazi ya majengo ya kale kama nilivyoishika mimi: mkono mbele, jicho nyuma.

Nyumba ile ni ya aina inayoitwa nyumba ya Weald, kwa sababu Kent na Sussex, ambako Weald imeenea, ndiko zilikosalia kwa wingi. Ilijengwa kwa mti wa mwaloni kuanzia chini hadi juu, bila ukuta wa jiwe unaobeba kitu. Zilianza kujengwa mwishoni mwa karne ya 14 na zikaendelea hadi mwanzoni mwa karne ya 16. Waliozijenga wengi hawakuwa makabaila. Tauni kubwa ya 1348 na 1349 ilikuwa imeua theluthi ya watu wa Uingereza au zaidi, na waliobaki wakakuta ardhi ni nyingi na mikono ni michache. Mkulima aliyejua kujipanga akapata mashamba, akauza sufu na nafaka, akawa mtu mwenye chake. Na mtu mwenye chake hujenga.

Ukisimama mbele ya nyumba hiyo utaona pande zake mbili, kulia na kushoto, zina ghorofa, na ghorofa hizo zimetokeza mbele kama mtu aliyeinama dirishani. Katikati ukuta umerudi nyuma. Lakini paa halirudi, linakwenda moja kwa moja kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo pale katikati ukingo wake unaning'inia mbele ya ukuta, umeshikwa na mikono miwili ya mwaloni iliyopinda. Mara ya kwanza nilidhani ni pambo. Sasa najua kwamba ile sehemu iliyorudi nyuma ndiyo moyo wa nyumba. Ni ukumbi, uliokuwa wazi kutoka sakafuni mpaka kwenye mapau, na katikati ya sakafu yake, juu ya mawe au vigae, uliwaka moto. Hakuna dohani. Moshi ulipanda wenyewe, ukazunguka chini ya paa, ukatafuta mwanya kwenye vigae na kwenye vitundu vya pembe tatu vilivyoachwa kwenye ncha za paa.

Upande mmoja wa ukumbi palikuwa na ujia unaounganisha milango miwili, wa mbele na wa nyuma. Ng'ambo ya ujia huo vilikuwapo vyumba viwili vidogo, kimoja cha mkate na vyakula vikavu, kingine cha mapipa ya pombe ya shayiri. Upande wa pili wa ukumbi, mbali na upepo wa milango, alikaa mwenye nyumba na meza yake kubwa, na nyuma yake kilikuwapo chumba cha faragha, na juu ya hicho chumba kizuri kuliko vyote. Ukiingia ulijua mara moja umesimama upande gani, wa wanaotumikia au wa wanaotumikiwa. Nyumba zetu za mawe za pwani nazo zinampangia mgeni hivyo hivyo tangu barazani, huyu aishie hapa, yule apite ndani, kwa hiyo jambo hilo halikunishangaza. Moto ndio ulionishangaza.

Mzee aliona sijaelewa. Jumamosi iliyofuata akanichukua kwa gari lake hadi Singleton, katika West Sussex, kwenye jumba la makumbusho la wazi liitwalo Weald and Downland. Majengo ya kale yaliyokuwa yabomolewe yalifunguliwa kipande kwa kipande yakasimamishwa upya bondeni humo. Moja ni nyumba ya shamba ya Bayleaf. Ilisimama Chiddingstone, Kent, mpaka ilipoamuliwa kuchimba bwawa la maji la Bough Beech, na mwishoni mwa miaka ya 1960 ikafunguliwa ili isizame. Ukumbi wake ni wa mwanzoni mwa karne ya 15, na vyumba vya upande wa mwenye nyumba vikaongezwa karibu karne moja baadaye.

Moto ulikuwa unawaka. Nilipoingia macho yakanichoma, nikakohoa, nikataka kutoka. Mzee akanivuta mkono tukaketi kwenye benchi, na hapo chini hewa ilikuwa safi. Moshi wote ulikuwa umepanda, umetanda juu yetu kama chandarua. Nikasikia harufu ya jiko la bibi yangu, lile la nje lenye mafiga matatu na paa la makuti meusi. Bibi alikuwa akisema makuti ya jikoni hayaliwi na wadudu kwa sababu yamekula moshi. Nilimwambia mzee maneno hayo. Alinyamaza kidogo, kisha akasema mapau yetu kule Kent nayo hayana tundu hata moja la mdudu, isipokuwa pale maji yalipoingia. Ndipo nilipokumbuka brashi yangu ya waya, na tumbo likanisokota.

Niliangalia madirisha pia. Hayana kioo. Ni nondo za mwaloni zenye pande nne, zimesimamishwa kwa pembe, na ndani kuna mbao za kufunga usiku. Kumbe kwenye nyumba yetu mfereji mwembamba niliouona juu ya dirisha moja la nyuma, nikataka kuuziba, ulikuwa njia ya mbao hizo kuteleza.

Kuanzia wiki ile mzee alinikataza kushika chombo chochote kwa siku nne. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka na tochi na penseli, kuandika ninachokiona. Mwanzoni niliona ni adhabu. Mpaka siku ya pili sikutaka iishe.

Niliona tundu tupu kwenye boriti, zimepangwa kwa mstari, hazishiki kitu. Hapo palikuwa na ukuta, sasa umeondoka. Niliona boriti nene inayobeba sakafu ya ghorofa juu ya ukumbi, kingo zake zimechongwa vizuri, lakini haina hata doa la moshi. Mapau juu yake ni meusi, yenyewe ni safi. Basi yenyewe ni mgeni. Ililetwa baada ya moto kuondoka sakafuni.

Na ndivyo ilivyokuwa. Katika karne ya 16 na mwanzoni mwa 17 wenye nyumba za namna hii walianza kujenga dohani za matofali. Padri mmoja wa Essex, William Harrison, aliandika mwaka 1577 kwamba wazee wa kijiji chake walistaajabia mambo matatu yaliyobadilika katika umri wao, na la kwanza lilikuwa wingi wa dohani zilizojengwa karibuni. Moto ukishapata njia yake, ukumbi hauna haja tena ya kwenda juu mpaka kwenye paa. Unaweka sakafu katikati, unapata vyumba vya kulala, na watoto hawakohoi. Kwenye nyumba yetu dohani ilipandishwa ndani ya ujia wa zamani, ikala nusu yake. Ni mzigo wa matofali unaotosha kujenga kibanda kizima. Na hapo ndipo mapau meusi yalipofichwa juu ya dari mpya, gizani, bila mtu kuyaona isipokuwa popo na panya, kwa zaidi ya miaka mia nne, mpaka nilipopanda mimi.

Karibu na meko hiyo ya matofali, kwenye boriti ya juu yake, nilikuta alama za kuungua zenye umbo la tone la maji, nyingi, moja pembeni ya nyingine. Nikadhani mshumaa uliwekwa karibu mno. Mzee akaniambia mshumaa ulioanguka hauchomi hivyo. Mtu alisimama akaushika kwa makusudi kwa dakika nyingi, mahali pamoja. Karibu yake palikuwa na duara lenye petali sita lililochorwa kwa bikari. Wanaozichunguza alama hizi wengi huona kwamba zilikuwa kinga, kwa sababu dohani haifungwi mlango, na kisichofungwa mlango huingiza lolote. Mama yangu ana hirizi juu ya kizingiti chake hadi leo. Sikuhitaji maelezo zaidi.

Sasa nizungumze mti, maana hapa ndipo nilipopingana na mzee kwa wiki nzima.

Mimi nimefundishwa kwamba ubao mbichi ni aibu. Mninga unaukausha, mvule unaukausha, mlango wa mti mbichi utapinda kabla ya Idi. Huku nyumba zote hizi zimejengwa kwa mwaloni mbichi, uliokatwa na kuchongwa ukiwa bado una maji. Sababu ya kwanza utaijua ukishika patasi: mwaloni mbichi unakatika kama jibini, mkavu unarudisha patasi kama jiwe. Na gongo nene la nyumba lingechukua miaka mingi kukauka, fundi hawezi kungoja. Lakini sababu iliyonigusa ni nyingine. Boriti inaingia kwenye nguzo kwa ulimi, yaani ncha yake iliyochongwa nyembamba, na kigingi kinapita kuvishika vyote viwili. Tundu la kigingi kwenye ulimi halitobolewi sawasawa na tundu la kwenye nguzo. Linasogezwa milimita tatu au nne kuelekea bega la kiungo, pale ulimi unapoanzia. Ukipiga kigingi kikavu cha mwaloni, kinalazimika kupinda, na kwa kupinda kinauvuta ulimi ndani. Kisha nyumba nzima inakauka polepole, miaka inapita, mti unasinyaa, na kigingi kinaendelea kuvuta. Nyumba ile haina msumari mmoja wa chuma kwenye mifupa yake.

Ndiyo maana imepinda. Watu hupiga picha kuta zile zilizolala upande wakidhani ni uzee, kumbe nyingi zilipinda zikiwa changa, katika miaka ile ya kukauka, kisha zikatulia. Na kwa sababu mti ulitumiwa mara baada ya kukatwa, wataalamu wanaosoma pete za mti wakikuta pete ya mwisho chini ya ganda wanaweza kukuambia mwaka wa kukatwa, wakati mwingine hata majira, na ujue ujenzi ulifuata upesi.

Nguzo kuu nazo zilinipa mshangao. Zimesimama miguu juu. Fundi aliuchukua mti akaugeuza, upande wa mizizi ambao ni mnene akauweka juu. Pale juu vinakutana vitu vitatu: nguzo yenyewe, boriti inayovuka nyumba, na ile tunayoiita sisi mtambaapanya, inayolala juu ya ukuta kubeba mapau. Ili vyote vitatu vishikane unahitaji mti mwingi mahali pamoja, na shina la mwaloni linao mti huo chini. Basi likageuzwa. Boriti ya kuvuka imechongwa kwa chini umbo la mkia wa njiwa, ikadumbukia ndani ya mtambaapanya, ili kuta zisitawanyike kwa uzito wa paa. Nilikichora kiungo hicho kwenye daftari mara sita kabla ya kukielewa. Mafundi wa huku walikirudia kwa karne nyingi bila kukibadilisha, na naamini ni kwa sababu hakuna aliyepata kilicho bora.

Kwenye viungo hivyo nilianza kuona mikwaruzo: mistari miwili, mistari mitatu, msalaba, msalaba na mistari. Ni namba za Kirumi, ila nne yao ni mistari minne, hawajali kuandika kwa namna nyingine. Mifupa ya nyumba ilichongwa yote uwanjani, ikalazwa chini, ikaunganishwa ili kupimwa, kila kiungo kikapewa namba, kisha ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye mikokoteni na kupelekwa ilipotakiwa kusimama. Ulimi wenye tatu unaingia tundu lenye tatu. Nilipokuta namba saba kwenye ulimi na namba saba pembeni ya tundu lake, bado vimeshikana, niliweka kidole hapo nikakaa nao. Fundi huyo hakujua kuandika jina lake pengine, lakini nilikuwa nimemsoma.

Mbaya kuliko yote tulikuta upande wa kaskazini. Ukuta ule ulikuwa umepigwa plasta ya saruji ndani ya umri wa mzee wetu, na ulionekana mzuri kuliko kuta nyingine zote, umenyooka, mgumu. Tulipobandua kipande cha kwanza maji yalitoka. Boriti ya chini, ile inayolala juu ya msingi na kubeba nguzo zote, niliweza kuichota kwa vidole. Ilikuwa kama chicha. Mwaloni ule ule, wa umri ule ule, upande wa kusini ulikuwa mgumu hata patasi ilikataa kuingia.

Saruji ya Portland ilisajiliwa na Joseph Aspdin wa Leeds mwaka 1824, na nyumba yetu ilikuwa imeshaishi karne tatu bila kuijua. Ukuta wake ni fito, udongo na chokaa. Mvua ikinyesha unanywa kidogo, jua likitoka unatoa. Saruji hainywi wala haitoi, bali mti ukisogea, na mti husogea kila majira, saruji hupasuka nywele kwa nywele. Maji huingia kwenye ufa, na nyuma ya saruji hayana pa kutokea. Yanashuka, yanakaa juu ya boriti ya chini, na mti unaanza kuoza mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Aliyepiga plasta ile hakuwa na nia mbaya. Alitaka kusaidia, kama mimi na brashi yangu.

Jambo hili linaniuma kwa sababu nimeliona nyumbani. Mji Mkongwe wa Unguja umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa kwenye tanuu, na dari zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Nenda utazame kuta zilizopigwa saruji kule, zinavyobanduka kwa mabamba makubwa na kuacha jiwe linalomong'onyoka. Tunaamini chokaa ni kitu cha maskini na saruji ndiyo maendeleo. Mimi mwenyewe niliamini hivyo mpaka niliposhika chicha ile.

Nilitaka tuondoe boriti nzima tuweke mpya. Ingekuwa kazi ya haraka na nzuri kuitazama. Mzee akakataa kabisa. Tulikata uozo tu, mpaka tulipofikia mti mzima, kisha tukaunga mwaloni mpya kwa kiungo kirefu cha mshazari chenye vigingi vinne. Mahali pengine kipande kipya kilikuwa na urefu wa mkono wangu tu, na kilichukua siku mbili. Huku kuna sheria inayozilinda nyumba za namna hii, huwezi hata kuhamisha mlango bila kibali, lakini mzee hakuwa anaogopa sheria. Alikuwa anafuata mwenendo uliotangazwa mwaka 1877, wakati William Morris na wenzake walipoanzisha chama cha kuyalinda majengo ya kale: tengeneza, usirejeshe upya. Usibahatishe nyumba ilikuwaje. Kipya kionekane kuwa ni kipya. Hatukukipaka rangi kipande chetu ili kifanane na cha zamani, tulikiacha cha rangi ya ngano, na kitageuka kijivu chenyewe.

Nilikuja kuelewa zaidi nilipokwenda na mke wangu Alfriston, East Sussex, kuiona nyumba ya zamani ya padri. Hata hiyo ni nyumba ya Weald, ya karne ya 14, na mwanzoni ilijengwa kwa ajili ya mkulima. Sakafu ya ukumbi wake ni chaki iliyoshindiliwa na kufungwa kwa maziwa yaliyochacha. Mwaka 1896 ilikuwa karibu kuanguka, ikanunuliwa kwa pauni kumi na National Trust, taasisi ya kuhifadhi urithi wa huku, ndilo jengo la kwanza taasisi hiyo kununua. Mke wangu alisimama ukumbini akatazama juu muda mrefu, akasema, "Kumbe ndiko unakoshinda siku nzima." Tangu hapo hajaniuliza tena kwa nini narudi nyumbani nimechelewa.

Kuna jambo moja ambalo mpaka leo sikubaliani na mzee. Familia yenye nyumba ile ina watoto wadogo, na majira ya baridi ukuta wenye unene wa kiganja hauzuii kitu. Yeye angependa paachwe kama palivyo. Mimi nilisema nyumba isiyokalika ndiyo itakayouzwa kwa mtu atakayeipiga saruji tena. Mwishowe vyumba viwili vya kulala vilipigwa kwa ndani plasta ya chokaa iliyochanganywa na vipande vya hemp, katani ya huku isiyo ya mkonge, inayoshika joto na bado inapumua. Aliikubali kwa shingo upande, na nadhani nilikuwa sahihi.

Ukuta wa kaskazini ulihitaji udongo mpya. Tulisimamisha fito za hazeli, tukazisuka kwenye vijiti vya mwaloni, na hapo mikono yangu ilijua kazi kabla sijaambiwa, maana kwetu nilianza kukandika nikiwa na miaka saba, siku za msaragambo, wakati mtaa mzima unakusanyika kumsimamishia mtu nyumba. Tulichanganya udongo, tukaupiga pande mbili, mmoja ndani mmoja nje, mikono inakutana katikati. Siku mbili baadaye ukuta wote ukapasuka.

Jioni ile nikampigia mama simu ya picha, Pangani kulikuwa usiku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso umekushuka?"

Nikaugeuzia simu ukuta. Akautazama, akaniambia niisogeze karibu, akautazama tena.

"Ukuta umepasuka kama kisigino cha kaskazi. Mmetia maji mengi. Na nyasi ziko wapi?"

"Zimo, mama. Majani ya ngano."

"Mnazihesabu? Tieni mpaka udongo ukatae kuanguka mkononi. Mmeukanyaga lini?"

"Jumatatu asubuhi."

"Mkaukandika lini?"

"Jumatatu mchana."

Akanyamaza. "Udongo haulazwi siku hizi? Ukanyageni, mtie samadi ya ng'ombe, mfunike ulale. Kesho mkanyage tena. Mimi nani alinifundisha, si bibi yako?"

Asubuhi nilimweleza mzee. Alikwenda kwenye kisanduku alikohifadhi vipande vya udongo wa zamani tulivyotoa ukuta ule ule, akavunja kimoja kwa kidole gumba. Ndani palikuwa na majani mengi, mengi kuliko tulivyotia sisi, na nyuzinyuzi laini fupi zilizokwisha kusagwa na meno ya mnyama. Samadi. Kwenye kipande kingine palikuwa na alama ya vidole vinne, pale mtu wa upande wa ndani alipousukuma udongo kumkuta mwenzake wa nje. Tulikwenda kwa jirani mwenye ng'ombe tukarudi na ndoo tatu. Udongo ukalala siku mbili chini ya turubai. Ukuta ule haujapasuka tena. Tuliupaka chokaa mara tano, nyepesi kama maziwa, na mzee aliniachia mkono wa mwisho.

Kila kazi ya namna hii ina kitabu chake. Ndani yake mnaandika na kuchora kila mlichokikuta na kila mlichokifanya, ili atakayekuja baada ya miaka mia asipoteze siku kubahatisha. Kitabu hukabidhiwa mwenye nyumba. Siku ya kuondoa jukwaa mzee alinipa nikisome kabla hakijafungwa. Michoro yangu ya viungo ilikuwamo, ile ya mara ya sita. Namba za Kirumi zilikuwamo zote. Nikafungua ukurasa wa paa, nikakuta kwa mwandiko wake: masizi ya ukumbi wa kale yameondolewa kwa brashi ya waya kwenye mapau manne, upande wa mashariki. Hakuandika ni nani.

Nilipanda tena juu ya dari na tochi. Mapau manne yale bado ni ya rangi ya asali katikati ya weusi, na yatabaki hivyo, kwa sababu moto ule hauwashwi tena. Nikashuka, nikachukua penseli, nikaandika jina langu chini ya mstari ule, na tarehe.